Nilivyomsomea Mwalimu Hesabu za Benki

Niliachishwa kazi ya ukeshia siku ya Ijumaa, katika tawi la benki lililokuwa karibu na Makutano, mjini Meru. Meneja alituita ofisini mmoja mmoja. Akatusomea maneno aliyotumiwa kutoka Nairobi, kwamba tawi letu linaunganishwa na lingine lililoko mjini humo humo, na kwamba huko hakukuwa na nafasi ya kututosha sote. Alikuwa mtu mwema na alisoma bila kutuangalia usoni. Nilirudi nyumbani kwa miguu, nikamkuta baba yangu mlangoni pa bucha yake, ambako ameuza nyama tangu ujana wake.

"Wamesema mmekosea nini?" aliniuliza.

"Hatujakosea kitu. Wamesema benki inatafuta ufanisi."

Sisi ni Waislamu wa mjini, na Kiswahili ndicho tunachoongea jikoni na dukani tangu enzi za babu. Hata hivyo Baba alilirudia neno lile polepole, kama mtu aliyepewa sarafu asiyoifahamu. "Ufanisi," alisema. "Haya. Ingia ule kwanza."

Nilikaa miezi mingi nikimsaidia buchani na kutuma maombi ya kazi yasiyojibiwa. Ndipo katika kundi la simu la sisi tuliowahi kufanya kazi benki ukaja ujumbe mfupi: mwalimu wa chuo kikuu mjini Embu anatafuta mtu wa kumsomea ripoti za benki kwa sauti. Awe anaelewa lugha ya hesabu za benki, na awe na subira. Wenzangu walituma vichekesho chini ya ujumbe ule. Mimi nilipiga simu.

Mlango alinifungulia mwenyewe. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, nywele amezikata zikakaribia kichwa, sweta la buluu limekunjwa mikono. Alininyoshea mkono mahali hasa ulipokuwa wangu, nami kwa muda nikadhani nimekosea nyumba, kwa maana nilikuwa nimeambiwa kuwa haoni. Baadaye aliniambia kwamba viatu vyangu vilikuwa vimempa habari zote tangu langoni. Alizaliwa upande wa Gachoka, Mbeere, na surua ilimpofusha kabla hajaanza shule. Sasa alikuwa anafundisha uchumi, na wakati huo huo anaandika tasnifu ya udaktari kuhusu namna ya kupima ufanisi wa benki za biashara katika nchi kama yetu.

Neno lile tena. Nilikaa kwenye kiti nikajisemea moyoni kwamba kazi ni kazi.

"Tarakilishi yangu inanisomea vitabu," alisema, "lakini hizi ripoti za benki, nyingi zimepigwa picha tu karatasi kwa karatasi. Mashine ikifika kwa jedwali inachanganyikiwa, inaniambia 'picha, picha, picha.' Haya, nisomee hiyo ya juu."

Nikasoma. Nilisoma kwa sauti ya kujitahidi, kama mtangazaji wa redio. Akaniacha nimalize nusu ukurasa.

"Dada, Kiswahili yako ni ya Mombasa kabisa."

"Sijawahi kufika Mombasa."

Alicheka sana. "Basi usinisomee kama habari ya saa moja. Nisomee kama mtu ananishika mkono tunapita sokoni. Niambie kwanza tuko wapi, halafu kuna nini. Mwaka gani, mstari gani, ndiyo unipe hiyo nambari. Na kama nambari iko ndani ya mabano, sema mapema, kwa sababu hiyo ni hasara, na mimi sipendi kusimama kwa hasara bila kujua."

Ndivyo nilivyoanza. Nilipanga chumba karibu na chuo, na kila asubuhi nikawa napanda kilima hadi kwake. Ripoti zilikuwa za benki kubwa na ndogo, za Kenya na za nchi nyingine kadhaa, na kila benki ilikuwa na ripoti za miaka mfululizo. Mimi nasoma, yeye anapiga chapa. Vidole vyake vilikimbia, na mashine ikawa inamrudishia kwa sauti ya haraka mno hata mimi sikushika neno. Mara nyingine aliinua kidole bila kuacha kusikiliza.

"Rudi hapo kwa mikopo. Hiyo jumla haiji."

Narudi, nakuta nimeruka mstari. Mwanzoni nilidhani anabahatisha. Kisha nikatambua kwamba alikuwa anazijumlisha nambari kichwani kadiri nilivyozitaja, na kwamba alikumbuka za mwaka uliotangulia za benki ile ile. Nimefanya kazi miaka mingi na watu wanaojua pesa, lakini sikuwa nimewahi kuona kichwa cha namna ile, kinachobeba benki nzima nzima kama mtu anavyobeba majina ya wanawe.

Kilichonivutia zaidi ni kwamba hakuwa na haja ya kujionyesha. Nilipomuuliza anapima nini hasa, aliinuka akaniita jikoni. Alikuwa ameweka viazi, mahindi na majani ya malenge vichemke kwa ajili ya mukimo, na akawa anaponda huku anaongea.

"Nyumbani kwetu kukiwa na arusi, mama wanapika kwa vikundi. Kila kikundi kinapewa kuni, mahindi, maharagwe. Sasa mimi siulizi nani anapika chakula tamu. Nauliza, kwa hizo kuni na hayo mahindi, nani amelisha watu wengi? Wale wamelisha wengi zaidi, hao nawaweka mbele, nawapa alama ya juu kabisa, moja. Wale wengine nawapima wako nyuma yao kiasi gani. Siendi kutafuta mpishi wa Ulaya. Mpishi wa kupimia ni yule bora wa hapo hapo kijijini."

"Na kwa benki kuni ni nini?"

"Wafanyakazi. Majengo. Pesa watu wameweka. Na chakula ni mikopo na mapato. Benki ikitoa mikopo mingi na watu wachache, iko mbele."

Alinipa sahani. Nilianza kula. Maneno "na watu wachache" yalinichoma, lakini sikumweleza yaliyonipata kazini. Hakuwa amenijua vya kutosha, na mimi sikutaka huruma ya mtu aliyeniajiri.

Ripoti ya benki yangu ilifika zamu yake wakati wa mvua za Aprili. Nilikuwa nimeiona kwenye rundo tangu mwanzo na nilikuwa naisukuma chini. Siku hiyo hakukuwa na nyingine iliyobaki. Nilisoma mwaka baada ya mwaka: gharama za wafanyakazi, matawi, mikopo. Nikafika mwaka ule tulioachishwa kazi. Gharama za wafanyakazi zilishuka. Matawi yalipungua. Kulikuwa na ukurasa wenye picha ya watu wanacheka kwenye duka la wakala wa benki, nao sikumsomea. Nilimaliza, yeye akaingiza kila kitu kwenye programu yake, na mashine ikafanya hesabu. Kisha ile sauti ya haraka ikataja jina la benki, ikataja mwaka, ikasema: "Moja."

Mvua ilikuwa inapiga mabati. Sikugeuza ukurasa.

"Hiyo ndiyo benki yako," Mwalimu alisema.

Nilishtuka. Kwenye simu nilikuwa nimemwambia tu kwamba niliwahi kuwa keshia. "Umejuaje?"

"Hizo zingine zote umekuwa ukisema 'walikopesha.' Kwa hii umesema 'tulikopesha.' Ukasema tena 'tulifunga mwaka na.' Nikajua hapo niko na mtu wa nyumbani."

Basi nikamweleza yote. Nilimweleza juu ya akina mama wa ndizi kutoka Mitunguu waliokuwa wakinijia dirishani na kuniachia kitambulisho mkononi niwajazie fomu, juu ya mzee mmoja asiyesikia ambaye nilizoea kumwandikia salio kwenye karatasi, juu ya wenzangu waliorudi kulima kwa wazazi wao wakiwa watu wazima. Nilisema huku nimesimama. "Na sasa mashine yako inasema hao walioyafanya hayo ndio wa mbele. Wametutoa sisi, wakapewa moja. Iondoe benki hiyo kwenye kazi yako, Mwalimu. Au andika kwamba hiyo nambari ni ya uongo."

Hakunikatiza. Nilipokwisha aliisukuma tarakilishi kando, akanigeukia.

"Pole sana, dada," alisema. "Ningejua ningekuuliza kama unataka kuisoma. Lakini siwezi kuitoa. Nikitoa hiyo kwa sababu yako, kesho nitatoa ingine kwa sababu ya mtu mwingine, na hiyo kazi itakuwa ya marafiki zangu. Na si uongo. Mimi ndiyo niliuliza benki imekopesha kiasi gani na watu wangapi. Imejibu hivyo. Sikuuliza yule mama wa Mitunguu amekaa kwa laini akingoja zamu yake muda gani. Hilo swali sikuuliza, na ni kosa yangu, si ya nambari."

"Na utaliuliza lini?"

Nilisema hivyo kwa hasira. Yeye alilichukua kama swali la kawaida. Alifikiri, akasema, "Wiki ijayo sina darasa. Tuanzie kwetu Gachoka. Utanishika mkono."

Kweli tulikwenda. Pale Gachoka wakala wa benki alikuwa na duka la mbolea na dawa za mifugo, na kaunta ya benki ilikuwa upande mmoja wa duka, kati ya magunia na kalenda. Nilikwenda nikiwa na hakika ya nitakachokiona. Nilitarajia watu wanaolalamika, wakala asiyejua kazi, na fomu zilizojazwa vibaya. Mwalimu aliomba kiti, akakaa karibu na mlango, akawa anawasalimu watu kwa Kimbeere wanapoingia. Wengi walimjua. Walimwuliza habari za chuo, naye akawauliza habari za benki.

Ajuza mmoja aliyekuja kuchukua pesa alizotumiwa na mwanawe alicheka aliposikia swali letu. Alijibu kwa Kimbeere, na Mwalimu akanifasiria.

"Anasema zamani ilikuwa aende Embu. Alikuwa anatoka asubuhi, anarudi jioni, nauli inakula robo ya hiyo pesa, na mbuzi wanakaa bila maji. Sasa amefunga mbuzi hapo nje. Anauliza kwani wewe una shida gani na hii duka."

Nilichungulia nje. Mbuzi alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya stima, anatafuna kitu. Niliona aibu kidogo na pia nikaona wivu, kwa sababu kazi ile ya kumhudumia ajuza ilikuwa yangu na mtu mwingine alikuwa anaifanya vizuri. Wakala alihesabu noti mbele yake, akazihesabu tena kwa sauti ili asikie, akamkabidhi. Nisingeifanya vizuri zaidi yake.

"Sawa," nilimwambia Mwalimu tulipotoka. "Hapa wamesaidika."

"Hiyo nimeiweka kwa hesabu," alisema. "Usinune. Bado kuna Mitunguu."

Mitunguu ilikuwa siku ya soko. Ndizi zilikuwa zimelazwa chini kwa mikungu, kijani kibichi, na malori yanangoja. Akina mama walikuwa wamelipwa kwenye simu na walitaka pesa mkononi, wengine walipe vibarua, wengine wanunue chakula. Wakala wa kwanza alikuwa ameishiwa na pesa taslimu kabla ya saa nne. Wa pili alikuwa amefunga duka kwa kukwepa lawama. Mama mmoja aliyenikumbuka kutoka dirisha langu la zamani alinikumbatia mbele ya watu, mikono yake ina utomvu wa ndizi.

"Keshia wetu! Ulienda wapi? Sasa sisi siku ya soko tukipanda Meru tunakaa kwa laini saa nyingi, si kama kwa dirisha lako. Hii simu inasema niko na pesa, lakini nikiipeleka kwa kibarua anasema yeye hakuli simu."

Mwalimu aliomba kumshika mkono mama yule, akamuuliza taratibu: hutoka saa ngapi, hurudi saa ngapi, hukosa kuuza nini akiwa ameondoka. Alirudia kila jibu kwa sauti, ili mama asahihishe akitaka. Sikuwahi kuona mtafiti akifanya hivyo. Waliowahi kuja benki kutuhoji walikuwa wanaandika na kuondoka.

Kutoka Mitunguu mimi na Mwalimu tulipanda hadi Meru, kwenye lile tawi lililobaki. Laini ilikuwa imetoka nje ya mlango. Askari wa mlangoni aliiona fimbo nyeupe ya Mwalimu, akaja mbio.

"Mama, kuja mbele. Watu kama nyinyi hamngojangi."

"Asante, kijana wangu. Leo nimekuja kungoja."

"Mama, meneja ataniuliza."

"Mwambie nimekataa mwenyewe. Mwambie mimi napima laini."

Askari alinitazama mimi, nikamwitikia kwa kichwa. Tukapanga laini kama watu wengine. Jua lilikuwa kali na Mwalimu alivua sweta akalifunga kiunoni. Aliongea na waliokuwa mbele yetu na nyuma yetu. Fundi wa viatu alisema amefunga kibanda tangu asubuhi. Mzee aliyefuatilia malipo ya uzeeni alikuwa amechoka kusimama, amekaa juu ya ukingo wa maua, na laini nzima ilikuwa inamlindia nafasi yake bila kuambiwa. Mwalimu aliuliza wale wanaomlindia wanajuana naye wapi. Hawakujuana. Hilo lilimfurahisha sana, akalirudia mara kadhaa.

Tulipofika dirishani, keshia alikuwa mwenzangu wa zamani, mmoja wa wachache waliohamishiwa huko. Macho yake yalikuwa mekundu. Alinitolea tabasamu la nusu, maana kamera ziko juu. Mwalimu alitoa pesa kidogo, kisha akainama karibu na kioo.

"Dada, umekaa hapo tangu saa ngapi?"

Mwenzangu alitazama kushoto na kulia. "Madam, hata chai sijakunywa. Nikitoka dakika tano tu, hiyo laini inafika barabarani."

"Asante. Pole na kazi."

Tulitoka nje. Nilitegemea Mwalimu aniambie kwamba nilikuwa na haki. Alisimama kwenye ngazi za mlangoni, akaniomba nimweleze sura za watu walivyo kwenye laini, mmoja mmoja, nami nikamweleza. Kisha akasema tu kwamba kazi imekuwa kubwa kuliko alivyofikiri, na kwamba miguu inamuuma.

Miezi iliyofuata ndiyo ninayoikumbuka kwa heshima kubwa kuliko yote. Msimamizi wake, profesa mzee mwenye sauti ya upole, hakuikubali sura mpya aliyotaka kuiongeza kwenye tasnifu, kuhusu muda ambao wateja hupoteza kwenye laini. Nilikuwepo walipokutana, kwa sababu nilimsomea maoni yaliyoandikwa pembeni mwa karatasi kwa kalamu.

"Muda wa mteja haumo kwenye vitabu vya benki," profesa alisema. "Benki hailipii laini. Utawezaje kuita hiyo gharama?"

"Benki hailipi, ni kweli," Mwalimu alijibu. "Lakini mtu analipa. Hiyo gharama haijapotea, profesa, imehama tu. Imetoka kwa benki ikaenda kwa mama wa ndizi."

"Utachelewa mwaka mzima."

"Nitachelewa."

Alichelewa kweli. Alipunguziwa mshahara kwa sababu alikuwa ameahidi chuo kwamba atamaliza kwa wakati, na wenzake wawili walioanza pamoja naye walimpita wakawa madaktari. Hakulalamika mbele yangu hata siku moja. Tulizunguka Runyenjes, Siakago, Maua, Nkubu, tukisimama kwenye laini za benki na kukaa kwenye maduka ya mawakala. Huko Maua wafanyabiashara wa Kiislamu walipojua mimi ni binti wa nani walitukaribisha chai, na Mwalimu akawauliza maswali yake hadi chai ikapoa. Kila benki alipima mara mbili. Kwanza kwa ile njia ya awali, bila kugusa kitu. Kisha akapima tena, akihesabu pamoja na kuni zile muda wa wateja. Alikuwa mkali kwamba kipimo cha kwanza kibaki vilevile kilivyokuwa, mtu yeyote asome vyote viwili na kuamua.

Majibu ya benki yangu yalipotoka aliniita nikae. Kwa kipimo cha kwanza ilikuwa bado mbele. Kwa kipimo cha pili ilirudi nyuma, lakini haikuanguka hadi mwisho, kwa maana watu wa Gachoka na vijiji kama hivyo waliokolewa safari nyingi, na hizo pia zilihesabiwa. Nilikuwa nimetaka ianguke. Nilimwambia hivyo wazi.

"Najua," alisema. "Hata mimi nilitaka kidogo, kwa sababu yako. Lakini yule shosho wa mbuzi kule Gachoka naye ni mtu."

Nilipompelekea Baba habari hizo mwisho wa wiki, aliacha kunoa kisu. "Kwa hivyo waliokufuta kazi wana haki?"

"Wana haki upande mmoja, Baba. Upande mwingine wamewatwika watu mzigo."

"Na huyo mwalimu amekwambia hivyo machoni, na wewe unakula kwake?"

"Ndiyo."

Baba alitikisa kichwa kwa namna anayoitumia anapoona ng'ombe mzuri mnadani. Akanifungia kilo mbili za nyama isiyo na mfupa nimpelekee.

Siku ya kuitetea tasnifu yake niliketi nyuma ya chumba. Kulikuwa na jopo la watahini mbele, na Mwalimu alisimama peke yake, bila karatasi, akieleza kazi ya miaka. Alitaja majedwali kwa kichwa. Mtahini mmoja, aliyekuja kutoka chuo kingine, alimsikiliza kwa makini, kisha akauliza swali lililowafanya watu wageuze viti.

"Daktari mtarajiwa, nisamehe nikiuliza. Sura hii yote inategemea kuchunguza laini kwenye kumbi za benki. Wewe huoni. Umeichunguzaje?"

 Nilitaka kusimama nijibu. Mwalimu hakubadilika sauti.

"Nilipanga laini," alisema. "Kila tawi lililoandikwa humo nimesimama kwa laini yake kutoka mwisho mpaka dirishani. Nilikuwa na msaidizi wa kuniambia sura za watu, na jina lake liko ukurasa wa kwanza. Hayo mengine watu waliniambia wenyewe. Mtu akikaa kwa laini ana muda wa kuongea."

Mtahini alimtazama, akacheka kwa kushindwa, akasema hana swali lingine. Mwalimu alipita. Walimpa masahihisho ya kufanya, mengi yakiwa ya alama na vituo, nami nilimsomea yote.

Jina langu kweli liko ukurasa ule. Sikujua hadi aliposema. Nilikuwa nimemsomea kurasa zote isipokuwa hiyo, ambayo aliiandika mwenyewe nikiwa nimekwenda nyumbani kwa Idi.

Tangu hapo mambo yamebadilika. Mwaka jana alinunua programu mpya ya tarakilishi. Aliniita niijaribu pamoja naye. Tuliipa ripoti ya picha, jedwali refu lenye mabano, na mashine ikasoma: mwaka, mstari, nambari, hasara. Haikuruka hata mstari mmoja. Nilielewa nilichokuwa nakisikia.

Mwalimu aliizima. "Nilitaka usikie mwenyewe kutoka kwangu," alisema. "Si kutoka kwa barua. Kazi ya kusoma imeisha, dada. Sitakudanganya, hii inasoma haraka kuliko wewe. Lakini kuna mradi mwingine nimepata, wa kupima vyama vya akiba na mikopo, na huko hakuna mashine ya kupanga laini. Nataka uwe unaenda wewe, na usiende kama macho yangu. Uende kwa akili yako. Maswali utaandika wewe, mimi nitayasoma na kukukosoa."

"Na nikikosea?"

"Nitakukosoa sana."

Nilikubali. Ameshanikosoa sana. Mara ya kwanza alinirudishia maswali yangu karibu yote, akisema yanamwelekeza mtu kwenye jibu ninalolitaka mimi. Niliyaandika upya nikiwa nimekasirika, kisha nikaona kwamba alikuwa na haki, kisha nikayaandika tena. Sasa naenda Mitunguu siku za soko, naenda Gachoka, naenda hata lile tawi la Meru ambako mwenzangu bado anafanya kazi, ingawa siku hizi wameongeza keshia wa pili. Sijui kama ni kwa sababu ya tasnifu ile. Mwalimu alizipelekea benki zote nakala, na ni mbili tu zilizomjibu kwa kumshukuru. Alifurahi kana kwamba zimejibu zote.

Jumanne hii nilikuwa Siakago, nimekaa kwenye benchi la chama cha akiba cha wakulima, nikimsikiliza mama mmoja akieleza kwa nini aliondoa pesa zake benki akazileta pale. Alikuwa anasema mambo ambayo sikuyategemea, mengine yakipinga kabisa nilichokuwa nimekiandika kwenye gari. Niliikunja karatasi yangu ya maswali nikaiweka kwenye mkoba. Nikamwomba aanze tena, taratibu, tangu mwanzo.